Maiki ya FM ya banda la nguruwe: redio inanyamaza 107.8 tu na sauti haifiki. Nimekosea wapi?

Kijana wa Uyole · Jumapili, saa 1:40 usiku

Wakuu, habari za jioni. Niko Uyole, Mbeya, na baridi ya huku mwezi huu mnaijua wenyewe.

Nina nguruwe jike, mimba yake ya kwanza. Nikihesabu miezi mitatu, wiki tatu na siku tatu, anaangukia Alhamisi ya wiki ijayo. Mwaka jana mwenzake alizaa usiku wa manane na mimi nimelala fofofo. Asubuhi nikakuta watoto saba, wanne wameshakufa, wengine wamelaliwa na mama, wengine baridi. Banda liko hatua kama arobaini kutoka dirishani kwangu, katikati kuna migomba na ukuta wa tofali. Safari hii nimeapa kulala na redio kichwani.

Kuna fundi redio mmoja jirani, kabla hajahamia Tunduma aliniachia mchoro wa maiki ya FM ya transista moja. Nimeunakili kwenye daftari hivi (k ni omu elfu, p ni pikofaradi, n ni nanofaradi):

Transista BC547, miguu yake mitatu ni kolekta, besi na emita. Rezista 4.7k inalisha maiki, 47k kutoka chanya kwenda besi, 470 kutoka emita kwenda hasi. Kapasita 22p sambamba na koili, 10p kati ya kolekta na emita, 1n kutoka besi kwenda hasi, 100n kutoka maiki kwenda besi, na 100n nyingine kati ya chanya na hasi ya betri. Koili mizunguko 5 ya waya wa kopa wa milimita 0.8, umesukwa juu ya biti ya drili ya milimita 5. Betri mbili ndogo, volti 3.

Nimelehemu kila kitu. Nawasha redio, nazunguka kutoka 88 hadi 108. Kote ni ule mvumo wa "shhhh" na stesheni za kawaida, ila nikifika 107.8 mvumo unapungua. Nikigonga maiki kwa kucha nasikia "tk tk" ya mbali sana, kama mtu anabisha hodi nyumba ya tatu. Nikiongea, kimya. Nikisogeza redio hatua tatu nyuma, hata hiyo tk tk inapotea.

Naombeni msaada, siku zimebaki kumi na moja.

---

Mdau wa Mafiati · saa 1:52 usiku

Mkuu tarehe ya kuzaa tumeipata. Tupe na ya kuuza.

---

Volti Tisa · saa 2:05 usiku

Hapo tatizo ni nguvu. Toa hizo betri mbili, weka ile ya mraba ya volti 9, na antena iwe ndefu, hata mita moja na nusu. Mimi yangu ilikuwa inasikika mpaka barabarani.

---

Fundi wa Kihesa · saa 2:31 usiku

Kamwene. Kijana, kabla hujamsikiliza Volti Tisa, ngoja kwanza. Betri ya 9 kwenye sakiti hiyo itakula mkondo zaidi ya mara tatu, na kama kosa liko kwenye kifaa kimojawapo litabaki palepale.

Umetuandikia vizuri lakini umetuandikia kilichoko kwenye daftari. Mimi daftari silitaki. Nataka kilichoandikwa mwilini mwa kila kifaa ulicholehemu. Rezista nipe rangi kwa mpangilio wake, ukianzia upande ulio mbali na dhahabu. Kapasita nipe namba na herufi kama zilivyo, usizitafsiri hata moja.

Halafu chukua mita, weka volti za betri, pima pande mbili za ile rezista ya emita. Usipime kwa papara, kidole kisiguse koili. Niambie namba.

Na BC547 umeipachikaje? Ukiitazama usoni, upande uliokatwa bapa, miguu ikiwa chini, kutoka kushoto ni kolekta, besi, emita. Nauliza kwa sababu 2N3904 ni kinyume chake, emita, besi, kolekta, na C945 tunazochomoa kwenye redio za zamani ni emita, kolekta, besi. Watu wanabadilisha transista wakidhani miguu ni ileile.

---

Kijana wa Uyole · Jumatatu, saa 1:15 asubuhi

Shikamoo fundi. Nimeamka mapema nimechungulia kwa mwanga wa jua, maana taa yetu ya sola ina manjano.

Miguu ya transista iko sawa na ulivyosema.

Rezista ya maiki: njano, zambarau, nyekundu, dhahabu. Ya besi: njano, zambarau, chungwa, dhahabu. Ya emita: njano, zambarau, kahawia, dhahabu. Hii ya mwisho jana usiku nilibishana na mdogo wangu, yeye alisema ni nyekundu. Asubuhi amekubali yaishe.

Kapasita: 104 ziko mbili. 102 moja. Ile ya kolekta na emita imeandikwa 100. Ile ya kwenye koili imeandikwa 221K.

Volti kwenye rezista ya emita: 1.4.

---

Fundi wa Kihesa · saa 3:20 asubuhi

Marahaba. Umeshajijibu mwenyewe, basi tu hujajua.

Nianze na kilicho kizima. Volti 1.4 juu ya omu 470 ni milliampea 3 hivi. Transista imewaka, inafanya kazi. Na mdogo wako angekuwa sahihi, yaani pale pangekuwa na 4.7k, ungesoma karibu 2.2. Kwa hiyo rezista zako zote tatu zimekaa mahali pake, na maiki inasikia, ndiyo maana tk tk imefika.

Sasa kapasita. Zile ndogo za udongo huwa hazina nafasi ya kuandikwa thamani kamili, kwa hiyo wanaandika namba tatu. Mbili za mwanzo ni tarakimu. Ya tatu ni idadi ya sifuri za kuongeza. Jibu linatoka kwa pikofaradi, siku zote pikofaradi. 104 ni 10 na sifuri nne, 100,000, yaani nanofaradi 100. 102 ni 10 na sifuri mbili, 1,000, ni nanofaradi 1. Ile 100 yako ni 10 bila sifuri yoyote, pikofaradi 10. Hapo kote umepatia.

221 ni 22 na sifuri moja. Pikofaradi 220. Daftari lilitaka 22. Na hiyo K ya mwisho si kilo, ni kiwango cha kukosea, asilimia 10. J ni asilimia 5, M ni 20.

Umeweka mara kumi ya kilichotakiwa, na umekiweka kwenye koili, mahali pabaya kuliko pote. Ile 104 ungeikosea ukaweka 223 wala usingejua.

---

Kijana wa Uyole · saa 3:41 asubuhi

Fundi, nilimwambia muuzaji "ishirini na mbili" akanipa hii, akasema hiyo 1 ya mwisho ni namba ya kiwanda.

Lakini kama ni kosa, mbona 107.8 kuna kitu?

---

Fundi wa Kihesa · saa 7:10 mchana

Hilo swali limenifanya niache pasi ya kulehemu ikipoa, maana ni zuri.

Koili yako ya mizunguko 5, ikiwa na urefu kama milimita 7, ina takriban nanohenri 86. Kapasita haiko 22 peke yake, kuna ile ya 10 ambayo hapa haihesabiki yote, kuna tumbo la transista lenyewe, kuna nyaya na bodi, vyote vinaongeza kama 8. Tuseme jumla 30. Koili ya 86 na kapasita ya 30 vinacheza kwenye megahezi 99. Hapo ndipo daftari lilitaka ufike.

Wewe una 220 na 8, ni 228. Kutoka 30 hadi 228 ni mara 7.6. Masafa hayashuki mara 7.6, yanashuka kwa kipeuo cha pili cha hiyo, ambacho ni 2.76. Gawanya 99 kwa 2.76 unapata karibu 36. Maiki yako inarusha kwenye megahezi 36, na redio yako inaanzia 88. Unamtafuta mtu Mwanjelwa, kumbe yuko Chimala.

Lakini sakiti hizi hazirushi wimbi safi. Ukirusha 36 unarusha pia kivuli chake cha mara mbili, 72, na cha mara tatu, 108 kasorobo. Cha mara mbili redio haikifikii. Cha mara tatu kimeangukia ukingoni kabisa mwa redio, na ndicho ulichokisikia. Kivuli huwa dhaifu, ndiyo maana hatua tatu kimekwisha. Halafu hesabu yangu ya koili ni ya kukadiria, kukaribiana na 107.8 yako ni bahati kidogo. Ungevuta koili kidogo tu ingekuwa 110, usingesikia chochote na ungetupa bodi nzima.

Sauti nayo ina sababu yake. Katika sakiti hii hakuna kifaa maalumu cha kuchanganya sauti na wimbi. Kinachofanya kazi ni ile kapasita ya bure iliyomo ndani ya transista, kati ya kolekta na besi, pikofaradi chache tu. Sauti ikitikisa volti za besi, hiyo kapasita inanenepa na kukonda kidogo sana, na masafa yanayumba nayo. Redio ya FM inasikia huko kuyumba, haisikii kitu kingine. Tuseme unapoongea inabadilika pikofaradi 0.03. Ndani ya 30, hiyo inayumbisha wimbi la 99 kama kilohezi 50, na redio za FM zinaruhusu hadi 75, kwa hiyo unasikika vizuri. Ndani ya 228, hata ukihesabu kile kivuli cha mara tatu, unapata kama kilohezi 7. Umejaza pipa halafu unatikisa kijiko cha maji.

Kwa hiyo tafuta 22. Usiguse kingine chochote.

---

Mnyakyusa wa Tukuyu · saa 7:48 mchana

Ugonile fundi. Nakubali mengi, lakini kwenye 100 unampoteza kijana. Mimi nina kapasita zimeandikwa 100 na ni pikofaradi 100. Na nyingine imeandikwa 47 tu, hiyo utaongeza sifuri ngapi?

---

Fundi wa Kihesa · saa 8:15 mchana

Ya namba mbili inasomwa kama ilivyo, 47 ni pikofaradi 47. Ya namba tatu kanuni ni ileile ya sifuri. Ila sikatai, zamani kuna viwanda vilivyoandika 100 au 220 na kumaanisha 100 na 220 kweli. Namba inayoishia na sifuri ndiyo pekee yenye utata huo. 221 haiwezi kukudanganya, 220 inaweza.

Ukiwa na mita yenye kupima kapasita, hata zile za bei ya chini zenye kituo cha nanofaradi 20, inatosha. 221 itakuonyesha 0.22 hivi. 22 itakuonyesha 0.02, na namba ya mwisho itarukaruka. Mita haiwezi kukwambia kama ni 22 au 27, lakini 22 na 220 itazitenga.

---

Mnyakyusa wa Tukuyu · saa 8:22 mchana

Nimepima yangu. 0.10. Kwa hiyo ni 100 kweli, na wewe umesema kweli. Tumeenda sare.

---

Mwalimu wa Njombe · saa 11:05 jioni

Naomba nichepushe uzi dakika mbili, maana suala la rangi limepita haraka na ndilo linalowaua wanafunzi wangu.

Wenzetu wa Kiingereza wanakariri rangi kwa herufi za mwanzo. Jaribuni kwa Kiswahili. Nyeusi, nyekundu, njano, nyeupe, zote N. Kahawia, kijani, kijivu, zote K. Unaishia na NKNCNKBZKN, ukasome hiyo kwenye mtihani. Nilihangaika nayo miaka, mwishowe nikawapa safari ya shambani:

Usiku unaisha (nyeusi, 0). Natoka nakanyaga udongo (kahawia, 1). Nachuma nyanya (nyekundu, 2), nachuma chungwa (3), nakata ndizi mbivu (njano, 4). Napita kwenye chai (kijani, 5), natazama anga (bluu, 6), naokota zambarau (7). Narudi jikoni nakuta majivu (kijivu, 8), nachungulia nje, ukungu umeshuka (nyeupe, 9).

Majivu na kijivu ni neno moja, zambarau na chungwa ni tunda na rangi kwa pamoja, kwa hiyo tatu unazipata bure. Katikati, kuanzia nyanya hadi zambarau, ni upinde wa mvua tu.

Pete mbili za mwanzo ni tarakimu, ya tatu ni sifuri, sawa na kapasita. Ndizi, zambarau, chungwa: 47 na sifuri tatu. Angalizo, siku hizi kuna rezista za bluu zenye pete tano. Hapo tarakimu ni tatu, sifuri zinahamia pete ya nne. 47k inakuwa njano, zambarau, nyeusi, nyekundu, na kahawia ya mwisho ni asilimia 1. Pete ya mwisho huwa imejitenga kidogo, anza kusoma upande mwingine.

---

Mdau wa Mafiati · saa 11:20 jioni

Mwalimu, Njombe machungwa na zambarau unaokotea wapi? Kwenye basi?

---

Mwalimu wa Njombe · saa 11:33 jioni

Ningeweka parachichi, tatizo ni la kijani na nafasi ameshaikalia chai.

---

Jicho la Soweto · saa 2:12 usiku

Nimefuatilia kimyakimya. Swali: hii kitu ikiwekwa sebuleni chini ya kochi, mtu akiwa kazini, inaweza kusikika nyumba ya jirani? Nauliza kwa niaba ya rafiki.

---

Mama Pasi · saa 2:40 usiku

Rafiki yako aende akaongee na mkewe.

Na kwa wote wanaosoma hapa: mimi natengeneza vyombo vya sauti vya kanisa, Iringa na Mafinga, kwa hiyo suala la masafa limeshanifikisha ofisini mara kadhaa. Kurusha mawimbi Tanzania ni jambo la leseni, msimamizi ni TCRA, na sheria yenyewe ni ile ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Maiki ya milliwati chache ya kujifunzia bado inarusha mawimbi. Isifunike stesheni ya mtu, irushe umbali wa kazi yako tu, na ukimaliza zima. Ndiyo maana ule ushauri wa antena ya mita moja na nusu sikuupenda. Sentimita 15 zinamtosha mtu wa hatua arobaini.

Zaidi ya hapo, juu ya 108 mpaka 137 ni masafa ya ndege. Huyu kijana alikuwa amekaa 107.8 kwenye mlango wao, na ndege za Songwe zinapita juu ya kichwa chake. Shuka chini, kaa katikati ya redio mahali patupu, kisha uhakikishe hujatoka hapo.

---

Volti Tisa · saa 2:58 usiku

Dah. Sawa mama, nimefuta kauli ya antena. Ya betri nabaki nayo.

---

Kijana wa Uyole · Jumatano, saa 12:30 jioni

Wakuu, ripoti.

Leo nilishuka Mwanjelwa. Duka la kwanza hawana. La pili wana 22 lakini wanauza pakiti nzima. Nikamkuta mzee mmoja anatengeneza redio kwenye kibaraza, ana debe la bodi mbovu. Nikamweleza. Hakusema neno, akachukua bodi ya redio ya kaseti, akaigeuza, akaweka miwani, akachomoa kapasita mbili. Moja imeandikwa 22, kichwani ina doa jeusi. Nyingine 220. Akaniambia chukua zote, ukifika nyumbani pima. Akakataa hela, akataka nimletee mayai siku nikipita.

Nimepima. 22 inarukaruka 0.02 na 0.03. 220 nayo vilevile 0.02. Kwa hiyo hapa 220 ni ishirini na mbili. Kichwa kiliniuma nikatabasamu.

Nimelehemu ile yenye doa. Nimewasha redio, nikazunguka, 101.3 mvumo umezimika ghafla kama mtu amefunga dirisha. Nikasema "mambo", redio ikasema "mambo", halafu ikapiga yowe mpaka mbwa akatoka nje.

---

Fundi wa Kihesa · saa 12:52 jioni

Yowe ni maiki kuisikia redio na redio kuisikia maiki, zitenganishe chumba. Hongera.

Doa jeusi limekubahatisha. Kapasita ya namna hiyo haibadiliki kwa joto wala baridi, nyingine za udongo zinabadilika. Kwa banda la Uyole usiku utamshukuru huyo mzee.

Kama 101.3 iko karibu na stesheni, panua mizunguko ya koili kwa njiti ya kiberiti, masafa yanapanda. Ibane, yanashuka. Tumia njiti, bisibisi ya chuma itakupotosha, ukiitoa masafa yanahama. Ukipata mahali patupu, dondoshea koili nta ya mshumaa isitetemeke. Nta nayo itashusha kidogo, kwa hiyo acha nafasi.

---

Kijana wa Uyole · Ijumaa, saa 1:05 asubuhi

Usiku wa kwanza bandani. Niliifunga ndani ya kopo la plastiki lenye matundu, nikaitundika juu ya uzio. Mpaka saa tano usiku namsikia anakoroma, anageuka, anapumua, hadi mke wangu akasema sasa tunalala watatu. Saa kumi naamka, redio inapiga kwaya.

Nilidhani mtu kaibadilisha. Kumbe maiki imehama, stesheni ya jirani ikajaza nafasi. Nimeitafuta nikaikuta imepanda kama 0.3. Na nguruwe amekula nusu ya antena.

---

Fundi wa Kihesa · saa 1:40 asubuhi

Kapasita yako haihami, lakini transista inahama, na betri zikichoka volti zinashuka na ile kapasita ya ndani ya transista inabadilika nazo. Ulizitoa sebuleni kwenye joto ukazipeleka kwenye baridi, lazima zitembee.

Weka betri mpya, za alikalaini ukizipata. Kwa milliampea 3 zitakaa wiki kadhaa. Washa maiki bandani saa moja kabla ya kulala, iache ipoe na banda, ndipo utege redio. Kopo liweke ndani ya kopo kubwa, katikati jaza maranda. Na kama una redio ya zamani ya kuzungusha, yenye ile swichi ya AFC, tumia hiyo badala ya ya kidijitali. Inamfuata anayehama.

Antena ipitishe juu, ndani ya mrija wa plastiki. Ya nguruwe sina kitabu.

---

Mama Pasi · saa 2:15 asubuhi

Maranda yasiguse maiki, yatakuwa yanakwaruza usiku kucha utadhani anajifungua.

---

Kijana wa Uyole · Alhamisi ya pili yake, saa 3:30 asubuhi

Wakuu, sijalala lakini nimekuja kutoa taarifa.

Nilikopa redio ya mkulima ya babu yangu, ile ya ngozi. Tangu Jumapili haikuhama hata mara moja, au ilihama na redio ikaifuata, sijui. Jana jioni niliona anabeba nyasi kwa mdomo anajitengenezea kitanda, nikajua ni leo. Nikalala na viatu.

Saa nane na robo usiku sauti ya kupumua ilibadilika. Ikawa fupifupi, halafu ikaja mlio mwembamba kama wa mlango usiotiwa mafuta. Nilifika bandani wa pili anatoka. Wamefika kumi, mmoja alikuwa amekwama kwenye utando, nimemfuta pua kwa gunia, anapiga kelele kuliko wote. Mkaa ulikuwa tayari kwenye jiko, nimewawekea nje ya uzio wapate joto. Wote kumi wananyonya mpaka saa hii.

Fundi, Mama Pasi, Mwalimu, mzee wa Mwanjelwa ambaye hayumo humu, asanteni. Mayai yake napeleka Jumamosi. Volti Tisa, na wewe pia.

---

Mdau wa Mafiati · saa 3:34 asubuhi

Kumi! Mkuu, ile tarehe nyingine sasa.

---

Fundi wa Kihesa · saa 4:02 asubuhi

Hongera sana mdogo wangu. Zima maiki upumzike. Ile 221 umeitupa?

---

Kijana wa Uyole · saa 4:10 asubuhi

Hapana. Nimeigundisha kwenye jalada la daftari, chini yake nimeandika 220.

---

Fundi wa Kihesa · saa 4:12 asubuhi

Ongeza neno "piko" mbele yake, sasa hivi, kabla hujalala. Mtu mwingine ataikuta hiyo 220 aisome 22.